Vizibo Shingoni

Meli ya Corella ilikuwa imefungwa kwenye ukingo wa kusini wa mto wa Brisbane, na mvua ya Machi iliinyeshea tangu alfajiri bila huruma. Wakataji vyuma walikuwa wamekwisha ondoa bomba lake la moshi na mizinga yake miwili midogo ambayo, kwa taarifa za watu wenye midomo mirefu, haikuwahi kumpiga mtu yeyote. Huko nyuma ilibaki kreni moja ndefu, imeinamia sitaha tupu. Polisi waliowekwa kulinda meli walikuwa wakizunguka mbali ili wasipite chini yake, ingawa hakuna aliyekubali kwamba anafanya hivyo.

Inspekta Athol Birkett hakuwa na muda wa kuogopa kreni. Mkuu wake alikuwa amempigia simu asubuhi na kumweleza bila kuzunguka: kabla giza halijaingia, Hec Tranter awe ameshtakiwa kwa mauaji, na kama sivyo, Athol aje mwenyewe kueleza kwa nini.

Kwa kweli kesi ilionekana rahisi. Wiki ile, wakataji vyuma walikuwa wamefungua kifuniko kimoja kwenye sakafu ya karakana ya meli wakakuta mifupa ya mtu. Jina lilikuwa limechongwa kwenye bizimu la mkanda wa suruali: C. Varley. Huyo alikuwa Clem Varley, fundi wa ndege, ambaye jeshi lilimhesabu kuwa mtoro tangu mwaka 1943, meli ilipokuwa imetia nanga Cairns. Mkewe, Dulcie, alibaki kuitwa mke wa mtoro mpaka dukani. Na mwanaume aliyekuja kumfuta machozi, ambaye sasa anaishi naye nyumba moja, ni Hec Tranter, mwendesha kreni wa meli hiyohiyo.

"Mtu kauawa, rafiki yake kamrithi mke," alisema Sajenti Merv Quilty, akitikisa maji kwenye kofia yake. "Unataka nini tena, mkuu? Marehemu aje atoe ushahidi?"

"Nataka kuona kifuniko," alisema Athol.

Aliyewatembeza humo ndani alikuwa Roland Ferrier, ambaye wakati wa vita alikuwa luteni na msaidizi wa nahodha wa Corella. Siku hizi alikuwa mkaguzi wa meli mjini, mtu wa sauti ya chini na viatu vilivyong'arishwa, na alikuwa amejitolea mwenyewe mara tu aliposoma habari gazetini. Ngazi zote za meli ile alizijua gizani.

"Ilijengwa Scotland kubeba pamba ya kondoo," alieleza wakishuka. "Vita vilipokuja serikali ikaichukua. Mahali pa marobota pakawekwa matangi ya petroli, nyuma wakasimamisha kreni, na tangu hapo kazi yake ikawa kulea ndege. Zile ndege-boti zinazotua majini, mnazikumbuka? Hazina uwanja. Meli hii ndiyo ilikuwa uwanja wao, kituo chao cha mafuta, gereji na jiko. Zilikuwa zinaelea kuizunguka, vijana wakaiita Mama Kuku."

"Mama Kuku ilipigana?" aliuliza Quilty.

"Ilipigwa, Sajenti. Mara mbili, kule Moresby. Halafu Cairns, halafu Milne Bay, mwisho Borneo kuwarudisha wafungwa. Miaka yote hiyo hakuna aliyeiandika gazetini. Imebidi afe mtu."

Karakana ilikuwa chini ya sitaha ya nyuma. Palinuka petroli ya zamani na, chini yake, mafuta ya kondoo ambayo vita vizima havikuweza kuyaondoa. Ukutani kulikuwa na ubao wenye ndoano tupu. Kifuniko kilikuwa kimeegemezwa pembeni, chuma kizito cha kufungwa kwa nati kutokea juu. Kati ya karakana na tangi la petroli kulikuwa na chumba chembamba ambacho kazi yake ilikuwa kubaki kitupu, ili petroli ikivuja isikutane na cheche za mafundi. Wakati wa vita kilikuwa hakifunguliwi kabisa.

Ferrier alisimama mlangoni na mwavuli wake. Hakusogea karibu na shimo.

Athol alipiga magoti akakigeuza kifuniko. Upande wa ndani kulikuwa na alama ndogo ndogo za mviringo, nyingi, zimerundikana sehemu moja kama mtu aliyebisha hodi muda mrefu. Alingoja Ferrier ageuke kuongea na Quilty. Kisha akatoa mfukoni kipande cha shaba kilichokuwa kimefungwa kwenye leso, akakilaza juu ya alama moja. Kilienea sawasawa.

Alikirudisha mfukoni. Mganga wa polisi alikuwa amesema fuvu lina ufa, lakini si ufa wa kuua papo hapo. Clem Varley alifungiwa humo akiwa hai.

"Kuna kitu, Inspekta?" aliuliza Ferrier.

"Kutu tu," alisema Athol. "Utakuwepo mchana? Nitahitaji macho yako tena."

"Nipo kwa ajili yenu."

*

Hec Tranter alikuwa pande la mtu, na kiti cha kituo cha polisi kilimlalamikia kila alipopumua. Alikuwa amegoma kula, lakini si kwa huzuni.

"Hii chai yenu mmeifulia soksi?" aliuliza walipoingia.

"Za mkuu wa kituo," alijibu Quilty. "Wewe ni mgeni wa heshima."

Athol alikaa, akafungua leso juu ya meza. Ndani yake kulikuwa na kamba iliyooza nusu, imetungwa vizibo vya shaba, kila kimoja kinene kama kidole gumba na chenye meno ya kukazia. Kimoja kilikuwa kimebondeka ukingoni.

Tranter aliacha utani. Alivitazama vile vizibo bila kuvigusa.

"Mmevitoa wapi?"

"Shingoni mwake."

Jitu lile likafunika uso kwa viganja na kulia waziwazi, kilio cha mtu asiyejali nani anamwona. Quilty alianza kusema neno, Athol akamwashiria anyamaze.

"Nieleze, Hec," alisema baadaye. "Kwa nini mtu avae vyuma shingoni?"

"Ni vizibo vya tumbo la ndege, bosi. Ndege ikikaa majini inavuja, lazima ivuje. Ukiipandisha sitahani, fundi anafungua vizibo chini ya tumbo, maji yanachuruzika. Kabla haijarudi majini anavirudisha. Amri ya maofisa ilikuwa vitundikwe kwenye ubao wa karakana. Sasa, kule Moresby, kuna mtu alivitundika, akaitwa kula, akasahau. Tukaishusha ndege ikazama tunaiangalia. Tangu siku hiyo sisi watu wa chini tukakata shauri letu. Anayevitoa, anavivaa. Hali, halali, haogi mpaka amevirudisha."

"Na maofisa?"

"Maofisa walikuwa na ubao wao. Hatukuwaambia. Ukimwambia ofisa kitu anakiandikia amri, halafu kinaharibika."

Quilty alicheka kabla hajajizuia.

"Na wewe juu kwenye kreni ulijuaje viko wapi?" aliuliza Athol.

"Fundi anasimama chini yangu, ananikabili, ananifungulia kifua. Kifua kitupu, maana yake vizibo viko tumboni kwa ndege. Nikiona kamba, sigusi mkono wa kreni hata aje mfalme."

"Siku Clem alipopotea?"

"Nilikiona kifua." Tranter aliinua uso. "Naapa, bosi. Nilikiona kitupu."

"Uso je?"

"Mvua ilikuwa inamwagika kuliko hii. Kofia mpaka puani, koti la Clem la njano, lile lenye kiraka begani. Mimi naangalia kifua, siangalii sura, simuoi. Kalifungua koti kwa mkono wa kushoto, wa kulia kashika kamba ya kuongozea ndege."

"Kifua chenyewe kilikuwaje?"

"Swali gani hilo?"

"Jibu tu."

Tranter alifikiri. "Cheupe," alisema polepole. "Cheupe kama unga. Siku za jua sisi wote tulikuwa tunafanya kazi bila shati, tumeungua kama matofali. Nikasema labda ni baridi."

Athol alimpa sigara. "Ndege ile ilikuwa inakwenda wapi?"

"Visiwani kaskazini. Kulikuwa na askari wetu wamejificha nyuma ya adui, wagonjwa hoi, wanangoja kuchukuliwa. Ndege iliruka mara tu ilipogusa maji, haikupata muda wa kujaa, na haikurudi. Tukaambiwa imetunguliwa hewani kabla ya kufika, na maofisa wakaambiwa hivyohivyo. Mimi mwenyewe nimeamini mpaka mwaka jana, nilipopita kisiwa kile na meli ya kuokota mabomu. Wenyeji wakanishangaa. Wakasema, nani kaitungua? Ilitua vizuri. Tuliwapakia wagonjwa wenu wote kwa mitumbwi yetu. Halafu ikajaribu kuruka ikashindwa, ikajaribu tena, inazidi kukaa chini. Mitumbwi iliporudi pale kulikuwa na mafuta tu juu ya maji."

"Ulimwambia nani?"

"Nimwambie nani? Dulcie? Kwamba mume wake alinidanganya kwa kifua chake, akaua watu, akatoroka? Nimemlaani Clem kila siku ya Mungu, bosi. Nimekula kwenye meza yake huku namlaani. Kumbe alikuwa mle ndani navyo."

Nje, kwenye veranda, Quilty alinunua pai ya nyama kwa mchuuzi akaila amesimama.

"Anajua kulia huyo," alisema. "Lakini hicho kifua kakiona yeye peke yake. Ni neno lake."

"Sawa. Lichukue neno lake, ulipime," alisema Athol. "Mtu amemfungia Clem chini, kavaa koti lake, kasimama chini ya kreni, kafungua kifua. Kwa hiyo alijua kreni inangoja kifua. Lakini vizibo kaviacha shingoni mwa Clem."

"Alitaka ndege izame."

"Anayetaka ndege izame anavitupa baharini. Haviachi kwa maiti vije vimsute. Huyu hakujua kwamba vipo, Merv. Aliijua ishara, hakuijua maana yake. Sasa niambie, kwenye meli ile nani hakujua maana?"

Quilty aliacha kutafuna.

"Na kifua hakijawahi kuona jua," aliongeza Athol, "kwa sababu mwenyewe alivaa koti la vifungo siku zote. Maofisa wa meli walikuwa watatu tu. Nahodha alikuwa mzee wa kitambi, hata Hec angeshtuka. Daktari alikuwa nchi kavu na wagonjwa wake. Maliza pai yako."

*

Ferrier aliwangoja kwenye jukwaa la nahodha, juu kabisa mbele ya meli. Kutoka pale sitaha yote ilionekana mpaka nyuma, kijivu na yenye kumetameta kwa maji. Alikuwa ameshika mwavuli uliofungwa, na alionekana kama mtu aliyekuja kuangalia mashindano ya mashua.

"Siku ile ulikuwa wapi ndege iliposhushwa?" aliuliza Athol.

"Nilisimama hapa hapa."

"Nahitaji kujua kama Varley alikuwa hai wakati ule. Nikiweza kuonyesha hivyo, najua saa ya kumbana Tranter."

"Alikuwa hai bila shaka," alisema Ferrier. "Nilimwona kwa macho yangu. Alisimama chini ya kreni kama kawaida, akafungua koti kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulishika kamba. Kreni ikashusha. Jioni alipoitwa hakuwepo, tukajua ameogelea pwani. Wengi walikuwa wamechoka."

"Kufungua koti kulikuwa kwa sababu gani?"

Ferrier alitabasamu kidogo. "Utani wao. Salamu kwa mwenzao wa juu. Nilikuwa na wiki chache tu melini, Inspekta, na ofisa mgeni hajifanyi mdadisi wa mizaha ya watu wa chini."

"Sajenti," alisema Athol, "shuka ukasimame chini ya kreni. Uikabili."

"Mimi?"

"Naona sajenti mmoja tu hapa."

Quilty alishuka akinung'unika. Walimwona akivuka sitaha, mdogo ndani ya koti lake la njano la polisi, mpaka akafika chini ya ile shingo ya chuma na kuigeukia. Athol alikusanya viganja mdomoni.

"Fungua koti!"

"Mkuu, mvua hii!"

"Fungua!"

Mgongo wa njano ulitikisika kidogo. Basi. Hawakuona kingine.

"Amefungua kwa mkono gani, Bwana Ferrier?"

 Mvua ilikuwa ikimlowesha Ferrier na mwavuli alikuwa nao mkononi, lakini hakuufungua. Alitazama ule mgongo kwa muda mrefu.

"Anayeikabili kreni anatupa mgongo hapa," alisema Athol. "Watu wawili tu walijua ni mkono upi. Mmoja alikuwa juu kwenye kreni. Mwingine alikuwa ndani ya koti."

"Nilisikia baadaye. Watu huongea."

"Labda." Athol alitoa leso, akaifungua juu ya reli ya jukwaa. "Basi nisaidie na hivi."

Ferrier aliinama. Uso wake haukuonyesha hofu kwanza. Ulionyesha mshangao wa mtu aliyeletewa mzigo usio wake.

"Vizibo vya ndege," alisema. "Unanionyesha ili iweje?"

"Vilikuwa shingoni mwa Varley."

"Haiwezekani. Vilikuwa ndani ya ndege. Niliangalia ubao kabla sijatoka, ulikuwa mtupu. Nisingeishusha bila kuangalia ubao."

Alisikia mwenyewe alichokisema. Mkono wake ulishika reli.

"Ubao ule ulikuwa mtupu tangu Moresby," alisema Athol, na hakuongeza sauti. "Walikuwa wanavivaa. Fundi alikuwa anafungua kifua kumwonyesha Hec kwamba hana kitu shingoni, vizibo vimerudi mahali pake. Watu wote wa chini walijua, mpaka mpishi. Wewe ulisimama pale ukaonyesha kifua kitupu, naye Clem alikuwa sakafuni mwa karakana na vizibo chini ya shati."

Ferrier alikaa chini, kwenye chuma kilicholowa, na suruali yake nzuri.

"Nilimsukuma tu," alisema. "Alisema ubavu mmoja wa ndege umepata ufa na hatairuhusu ishuke. Nikamwamuru. Akanijibu nikaishushe mwenyewe. Nikamsukuma, akaangukia pembe ya meza ya kazi. Wote walikuwa kwenye chakula. Alikuwa amekufa, Inspekta, nilimgusa."

"Hukumgusa vizuri. Kifuniko kina alama upande wa ndani. Amegonga kwa hiki hapa, kilichobondeka. Injini za ndege zilikuwa zinanguruma, hakuna ambaye angemsikia."

Ferrier alifumba macho. Kule chini Quilty alikuwa amekwisha jifunika na alikuwa akirudi mbio, na mlio wa buti zake ulisikika katika meli nzima ile tupu.

"Kwa nini haraka yote ile?" aliuliza Athol. "Ulikuwa umeona ndege nyingi zikichelewa."

"Ndugu yangu alikuwa kisiwani." Sauti ilikuwa kavu. "Gerald. Mdogo wangu. Redio ilisema ana homa ya kufa. Ungengoja wewe? Kwa ajili ya ufa mmoja? Nilijua nimeua mtu, nimeishi nalo hilo. Lakini nilijiambia nilikuwa namfuata Gerald. Kwamba wale marubani walitunguliwa, si kwa kosa langu, na yeye alikufa pale akingoja, na kwamba angalau nilijaribu."

Athol alikunja leso. Hakuipenda sehemu iliyobaki, lakini mtu yule angeisikia mahakamani kwa mdomo wa Tranter, mbele ya wageni, na hiyo ingekuwa mbaya zaidi.

"Hawakutunguliwa," alisema. "Walifika. Walitua. Wenyeji waliwapakia wagonjwa wote kwa mitumbwi. Ndege ikajaa maji ikiwa na watu ndani."

Ferrier alimtazama kana kwamba hajaelewa lugha.

"Alipanda?"

"Walipanda wote."

Quilty alitokeza kwenye ngazi, anahema, maji yakimchuruzika masikioni. Alimwona Ferrier pale chini, akamwona mkuu wake, na kwa mara ya kwanza siku ile hakutania.

"Nenda kituoni," Athol alimwambia. "Mtoe Tranter. Mpeleke nyumbani kwa gari, usimwache apande tramu. Mkewe atakuwa mlangoni."

"Nimwambie nini yule mama?"

"Mwambie Clem hakuitoroka meli. Mwambie alikataa kuishusha ndege mbovu, na akauawa kwa hilo. Useme hivyohivyo, na useme kwa sauti, majirani wakusikie."

Quilty aligusa kofia yake akashuka. Athol alitoa pingu, akainama, na Ferrier akanyoosha mikono yote miwili kwa utiifu kama mgonjwa anayepimwa. Vifundo vyake vilikuwa vya baridi.

"Kitu kimoja sijakiandika," alisema Athol. "Varley alipokataa, alikuomba muda gani wa kutengeneza ule ubavu?"

Ferrier aliangalia nyuma ya meli, kule kwenye sitaha tupu.

"Mpaka asubuhi," alisema.